Samli Niliyoimwaga Chooni

Dirisha la bafu letu lina kizingiti kipana cha saruji. Fundi alikikosea kipimo, lakini nilikipenda hivyo hivyo kwa sababu kilitosha sabuni, mswaki wangu na kopo langu la mafuta ya kuzuia jua. Mwaka huu hakikutosha kitu. Binti yangu, mwenye miaka kumi na saba, alipanga pale chupa saba, kila moja na zamu yake. Ya kwanza ya kuoshea uso, ya pili ya kufuta kile ambacho ya kwanza imeshindwa kukiosha, ya tatu ya kufungua vinyweleo, ya nne ya kuvifunga. Siku moja nikamuuliza, kama unavifunga, ulivifungua vya nini? Akaniangalia kwa huruma. "Mama," akasema, "mambo ya ngozi huyajui. Tuachie sisi."

Nilipandwa na hasira, nasema kweli. Mabaka niliyo nayo mashavuni niliyapata nikiwa na mimba yake, na jua la mashambani likayakoleza. Nimejaribu manjano, nimejaribu asali, nimejaribu krimu moja niliyoletewa na mwenzangu wa ofisini ambayo ilinichoma mpaka nikaomba ruhusa ya siku mbili kazini. Leo mtu niliyemzaa mwenyewe ananiambia mambo ya ngozi siyajui.

Elimu yake yote aliipata kwenye tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili na kijana mmoja wa Dar es Salaam. Kijana huyo ndiye mfalme, ndiye binti wa mfalme, ndiye mama mkwe mkorofi, wote kwa sauti ile ile. Binti yangu na rafiki zake wanazirushiana tamthilia hizo kwenye simu. Wameona huko wasichana wasio na doa hata moja usoni, wanaita ngozi ya kioo, na wameamua kwamba hapa hapa Bariadi, katika kiangazi hiki ambacho vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria lililofunikwa, na wao watakuwa na ngozi ya kioo. Anajua kusema asante kwa Kikorea, na anainama anapoisema. Lakini nikimwambia amsalimie kwa Kisukuma jirani yetu mzee, anaona haya. Kisukuma anacho, alikiokota kila likizo kwa bibi yake Nkololo. Mjini ndiko anakokificha.

Na hapo kwenye Kisukuma sina haki ya kumsema, nalijua hilo, na kulijua kunaniudhi zaidi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nililetwa Bariadi na barua ya ajira miaka ishirini iliyopita, nikaolewa na Msukuma wa Nkololo, na tangu wiki ya kwanza ya ndoa nikaweka sheria kwamba nyumbani kwangu ni Kiswahili tu. Nilikuwa najivunia Kiswahili changu. Watu wakichanganya r na l nilicheka kimoyomoyo, na nikiwa peke yangu na mume wangu nilicheka wazi. Sasa kwenye grupu la familia dada zangu ndio wanaonicheka mimi. Nikituma sauti wanajibu kwa picha za ng'ombe. Wanasema naongea kama mtu anayeita ndama jioni. Kwa hiyo Kiswahili cha Tanga kimenitoka, Kisukuma hakijaniingia, na kile Kisambaa cha marehemu bibi yangu huwa nakisikia tu, kukijibu siwezi. Nina miaka arobaini na sita, na nikienda kwa mama mkwe wangu naongea kwa vidole.

Mama mkwe naye Kiswahili chake ni cha gulioni. Anajua "shilingi ngapi" na "punguza". Mume wangu humwita mayu, yaani mama, na mimi nikafuata hivyo hivyo. Nikifika kwake napiga magoti, nasema "Mwangaluka, mayu," anaitikia "Mwangaluka," ananiuliza "Mhola?" nasema "Mhola," yaani salama, na hapo Kisukuma changu kimekwisha. Yanayobaki anatafsiri mume wangu, na kama hayupo, mtoto. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwa na maneno yangu na yule mama, ya sisi wawili tu. Najua tumbo humsumbua kwa sababu hulishika anaponieleza. Huwa nampelekea dawa za kiungulia, anashukuru, "Wabeja," na tunatazamana.

Kazi yangu ni ya ugani. Nafundisha wakulima namna ya kupanda pamba kwa mistari, namna ya kupiga dawa, na namna ya kujikinga na hiyo dawa. Somo ninaloliamini kuliko yote ni la chupa. Dawa ya pamba inakuja kwenye chupa za plastiki nzuri, imara, zenye mfuniko usiovuja, na ndilo tatizo lake. Mtu akishamaliza kunyunyizia, anaona uchungu kuitupa. Anaisuuza na majivu, anaigeuza ikauke, halafu inaingia jikoni. Sumu haisuuziki kwa majivu. Nimelisema hilo katika mikutano mingi sana, kwa Kiswahili safi, na picha ya fuvu nimeichora kwenye karatasi kubwa mimi mwenyewe. Naongea robo tatu ya saa, mwenyekiti wa kitongoji anasimama na kutafsiri kwa sentensi nne, wanawake wanapiga makofi, tunapiga picha ya ripoti, narudi mjini. Kwenye mkutano wa Nkololo mayu alikaa mstari wa mbele kabisa na kanga yake mpya. Alipiga makofi kuliko wote, kwa sababu mwalimu alikuwa mkwe wake.

Basi mwezi wa tano, mtu wa pikipiki akanishushia mlangoni furushi kutoka kwa mayu. Ndani kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chini yake, imefungwa kwenye kipande cha kanga, chupa ya samli. Ilikuwa chupa ya dawa ya pamba. Lebo ilibanduliwa lakini utepe mwekundu ulikuwa bado upo kwa chini, na fuvu lilikuwa bado linaonekana nusu.

Hasira ilinishika pale pale mlangoni. Nilijiambia, miaka yote ninayoongea, yule mama amekaa mstari wa mbele anapiga makofi, halafu ananiletea hiki nimpake mwanangu. Kwa sababu samli ilikuwa ya mtoto, hilo nililijua. Akienda likizo Nkololo, bibi yake hushika mashavu yale yenye chunusi, hutikisa kichwa na kumpaka. Sikumpigia mtu simu. Nilikwenda chooni nikaimwaga yote, nikamwaga na maji ya moto, chupa nikaitoboa na kuifukia nyuma ya nyumba kama ninavyofundisha. Nilijiona nimefanya kazi yangu. Siku mbili baadaye mtoto aliniuliza, "Mama, eti bibi alituma samli?" Nikamwambia nimeiweka. Hakuuliza tena, nami nikafurahi kwamba chupa saba zimemtosha.

Mwezi wa sita ukatoka uchaguzi wa kidato cha tano. Amepangiwa shule ya bweni ya wasichana huko Nyanda za Juu Kusini, siku mbili za safari, kwenye baridi asiyoijua. Fomu ya kujiunga ilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa tatu ulisema mwanafunzi aje na ndoo, jembe, fagio la ndani, fagio la nje, na mafuta ya mgando kopo moja, yasiyo na harufu. Vipodozi vya aina nyingine yoyote haviruhusiwi na vitachukuliwa getini. Alisoma mstari ule mara tatu. Nilitaka kucheka, lakini alianza kulia, machozi yanapita kwenye chunusi zilizoiva. Nikaona kwamba kwake lile si jambo la mzaha hata kidogo. Anakwenda mahali ambapo hakuna anayemjua, na kitu cha kwanza watakachokiona ni uso. Nilitaka kumkumbatia, nikajikuta namwambia anyamaze, wenzake wanalilia nafasi kama hiyo. Sijui kwa nini mdomo wangu huwa unatangulia.

Wiki ya kuondoka, mume wangu akapiga simu. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Bukundi, Meatu, na nyumbani huja mara mbili kwa mwezi ikiwa barabara na mikutano vimemruhusu. Alisema hatawahi, kuna wakaguzi. Twende sisi Nkololo Jumapili tukamuage bibi, na Jumanne mtoto aondoke.

"Na ile samli muibebe," akasema.

"Samli gani?"

"Si ile mayu aliyotuma mwezi wa tano? Anataka kumpaka nayo Jumapili. Sikukwambia?"

Hakuniambia. Ndipo akanieleza, huku nyuma yake kengele ya shule ikigongwa, kwamba kwao mtoto hatoki kwenda mbali bila kupakwa na bibi yake. Na samli yenyewe si samli yoyote tu. Mtoto wetu alipozaliwa bibi alimtengea ndama jike, na samli ile imetoka kwa ng'ombe wa uzao huo. Mayu aliikusanya wakati wa mvua, maziwa yakiwa mengi, akaituma kwetu ili ikae karibu na mtoto mpaka siku yake. Sasa ni kiangazi, ng'ombe wamekauka, nyingine haipo. "Kwa mayu hilo ni jambo kubwa," akasema. "Yule mtoto asipopakwa, mayu hatalala mpaka arudi Desemba."

Nikasema sawa. Nikakata simu, nikakaa kwenye ndoo mpya ya shule iliyokuwa katikati ya sebule.

Nilimkasirikia yeye kwanza. Mwanamume anaishi na mimi miaka kumi na tisa, anajua jambo kubwa, ananiambia siku nne kabla. Halafu nikamkasirikia mayu na chupa yake. Mwishoni nilibaki na hasira isiyo na mtu, ambayo ndiyo mbaya. Ningeweza kumpigia simu mume wangu pale pale nikamwambia nimemwaga na sababu ni hii. Ilikuwa sababu nzuri. Lakini ningelazimika kueleza pia kwa nini nilinyamaza miezi miwili, na kwa hilo sababu sikuwa nayo.

Jumamosi nikaenda sokoni Bariadi nikanunua samli. Nikaitia kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, nikaifunga kwenye kile kile kipande cha kanga. Nilijiambia samli ni samli, ng'ombe ni ng'ombe. Ndivyo anavyofikiri mtu aliyekua akinunua maziwa dukani.

Jumapili baada ya ibada tulichukua pikipiki mbili mpaka Nkololo. Mtoto alikuwa amejifunga mtandio, macho tu ndiyo yanaonekana, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya chunusi. Mayu alikuwa anatungoja nje, kwenye kivuli cha nyumba, kwa sababu ndani kulikuwa hakuna pa kukaa. Pamba ilikuwa imejaa sebule nzima mpaka dirishani, ikingoja siku ya mnada. Nikapiga magoti. Mwangaluka, mayu. Mwangaluka. Mhola? Mhola. Kisha mtoto akavua mtandio, akapiga magoti mbele ya bibi yake, na wakaanza kuongea. Kisukuma kilimtoka bila hata kutafuta neno. Mjini yule mtoto ana aibu ya kusema salamu, na pale alikuwa anabishana, anatania, anamfanya bibi yake agonge paja kwa kicheko. Nilikaa pembeni nikitabasamu kwa vitu nisivyovielewa. Miaka yote nimetabasamu hivyo, na siku ile shavu liliniuma kwa kutabasamu.

Tulipomaliza kula, mayu akanyoosha mkono kwangu. Nikajua. Nikafungua kanga, nikampa chupa.

Aliiangalia chupa kwanza, upande huu na upande huu. Akafungua mfuniko, akanusa. Akanusa tena, taratibu. Akamimina tone kwenye kiganja, akalisugua kwa kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi. Halafu akaniangalia, akamwangalia mjukuu wake, akauliza.

"Bibi anauliza, hii ni ya nani?" mtoto akaniambia.

"Mwambie ni ile ile. Nimehamisha chupa tu."

Mtoto hakugeuka kwa bibi yake. Aliendelea kuniangalia mimi, na hakuwa na hasira, jambo lililonitisha zaidi.

"Hiyo sitafsiri," akasema.

"Tafsiri ninavyokwambia."

"Mama, nilijua. Sakafu ya choo iliteleza siku tatu. Niliisugua mimi kwa sabuni ya unga na wewe ukaniambia unashangaa leo nimeamkaje nafanya usafi." Akashusha sauti, ingawa bibi yake asingeelewa hata angepiga kelele. "Nilikuwa nangoja useme. Baba simwambii, bibi simwambii. Lakini kumdanganya, hapana. Mwambie mwenyewe."

"Nitamwambia kwa lugha gani?"

"Sijui, mama."

Aliniacha hapo. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita njiani na kengele zao, na mayu alikuwa bado ameshika chupa yangu ya maji, kiganja kinang'aa, anangoja. Uso ulinipata moto. Nilitamani kumchapa mtoto, na nilitamani kulia, na vyote viwili visingenisaidia. Nikaanza kutafuta kichwani maneno ya Kisukuma niliyowahi kuyasikia. Mafuta nilijua wanasema maguta. Pamba ni buluba, neno ambalo kwa kazi yangu nalisikia kila siku. Dawa ni bugota. Na "mimi" wanasema nene. Yalikuwa manne.

"Mayu," nikasema. "Maguta."

Akaitikia kwa kichwa.

Nikaonyesha kwa mikono chupa ile nyingine, urefu wake, mfuniko wake. Nikachora fuvu kwa kidole mchangani, matundu mawili ya macho na meno, kama ninavyochora kwenye karatasi za mikutano. "Bugota bo buluba," nikasema. Nikashika shavu la mwanangu, nikatikisa kichwa. Nikafanya kama mtu anayemwaga, mpaka tone la mwisho. Halafu nikajigonga kifuani. "Nene," nikasema. "Nene, mayu."

Sijui ilisikikaje. Najua tu kwamba hakucheka.

Aliinamia ule mchoro. Akamuuliza mjukuu wake, na sasa mtoto akamjibu, kwa kirefu, akinionyesha mimi, akionyesha lile fuvu la mchangani, akilishika tumbo lake mwenyewe. Nilimsikia akisema sumu kwa Kiswahili, akatafuta neno la Kisukuma, akalipata. Alikuwa anafundisha somo langu. Lilimchukua dakika tano. Mayu alimkatiza mara tatu kwa maswali, na katika mikutano yangu yote sijawahi kuulizwa hata moja.

Kisha mayu akainuka, akaingia ndani, tukamsikia akikanyaga pamba kwenda jikoni. Nilidhani amekwenda kulia au kunikasirikia mahali nisipomwona. Akarudi na chupa mbili kwapani na mbili mikononi, akazipanga mbele ya miguu yangu. Zote nne zilikuwa na utepe mwekundu. Ya kwanza ilikuwa na chumvi. Ya pili ilikuwa na mafuta ya kupikia, yale yaliyopikia mboga tuliyotoka kula. Ya tatu ilikuwa na mbegu za mchicha. Ya nne ilikuwa na maji ya kunywa, imechakaa, shingo imekuwa nyeupe kwa kushikwa, na nilikumbuka kuiona miaka mingi kando ya kitanda chake nikadhani ni ya kitu kingine.

Akaigusa ya chumvi, akaniangalia. Alikuwa anauliza.

"Bugota bo buluba," nikasema.

Akaigusa ya mafuta.

"Bugota bo buluba."

Alipofika kwenye ile ya maji niliitikia kwa kichwa tu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na sijakimaliza kukielewa mpaka leo. Ile chupa iliyokuja kwa mwanangu niliimwaga siku ile ile, kwa maji ya moto, na nikaifukia. Sikujiuliza imetoka wapi. Sikujiuliza huko ilikotoka zimebaki ngapi, na nani anakunywa. Nilikasirika kwamba hakunisikiliza, nikarudi ofisini, na kwa miezi miwili zaidi nikamwacha ale chumvi ile. Nikampelekea na dawa za kiungulia.

"Mwambie nisamehe," nikamwambia mtoto. "Hiyo tafsiri."

Akatafsiri. Mayu akajibu jambo refu kidogo, akichukua tena chupa yangu ya samli ya sokoni, akiinusa kwa mara ya mwisho na kukunja pua.

"Anasema nini?"

"Anasema ng'ombe wa samli hii amekula karatasi." Mtoto alikuwa anajizuia asicheke na machozi yamemjaa. "Anasema lakini mimi naondoka Jumanne, na nyingine hakuna, kwa hiyo itabidi Mungu aichukue hivyo hivyo."

Akamimina kiganjani, akamwita mjukuu wake asogee. Alimpaka paji la uso, mashavu, kidevu, juu ya kila chunusi, huku akisema maneno ya chini chini. Nilimwangalia mwanangu, mwenye chupa saba na zamu zake, ambaye ameniambia mara mia kwamba mafuta mazito yanaziba vinyweleo. Alifumba macho, hakusogea. Samli ilimshuka mpaka shingoni.

Mayu alipomaliza alifuta mkono kwenye kanga yake na kunigeukia. Akasema sentensi moja, polepole. Mtoto akafungua mdomo atafsiri, na mayu akamzuia kwa kiganja chenye mafuta. Akaimwaga maji ile chupa ya nne yenye utepe mwekundu, akaiinua, akaonyesha kule waliko majirani, nyumba moja, nyumba ya pili, nyumba ya tatu, jikoni kwao. Akataja neno, lile lile la sumu alilolipata mtoto. Akangoja.

Nikalirudia, nikalikosea. Akalitaja tena. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso unang'aa kama kioo, ananiangalia bila kunisaidia, na Jumanne anaondoka. Nikalirudia.